Sufu, Kashimiri na Koti la Mwanamume: Somo kutoka Mara

Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, katika shule isiyo mbali na Butiama, aliniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya. Alikuwa ameona koti la mwanamume kwenye soko la mitumba mjini Musoma. Kitambulisho kilichoshonwa ndani ya koti hilo kilieleza kwamba kitambaa chake ni cha sufu iliyochanganywa na kashimiri. Muuzaji alimwambia kwamba kashimiri ni manyoya ya mbuzi, na kwamba ndiyo sababu koti hilo lilikuwa ghali kuliko mengine yote. Kijana akaniuliza: "Mwalimu, nyumbani kwetu tuna mbuzi kumi na wanane. Mbona manyoya yao hayana mnunuzi?"

Wenzake walicheka. Hata hivyo swali hilo si la kuchekwa, kwa kuwa ndani yake mna biolojia, jiografia, fizikia na kemia. Tena mna jambo la fedha. Mzazi anayemnunulia kijana wake koti la harusi, la mahafali au la kwendea usaili wa kazi aghalabu hutoa akiba ya miezi kadhaa. Ni haki yake kujua anachokinunua. Madhumuni ya makala haya, basi, ni matatu: kwanza, kueleza kitambaa bora cha koti kimeundwaje, pili, kujibu swali la mbuzi wa Butiama, na tatu, kuwapa walimu na wanafunzi njia rahisi za kukichunguza kitambaa wao wenyewe.

Kabla ya kuanza, tutenganishe maneno mawili ambayo huchanganywa. Sufu ni manyoya ya kondoo, na kwa mapana zaidi ni manyoya laini ya mnyama yanayofaa kusokotwa. Sufi ni pamba nyepesi ya mti wa msufi, ambayo hujazwa katika mito na magodoro. Hakuna koti linaloshonwa kwa sufi. Vilevile tutatumia neno ufumwele kwa maana ya unyuzi mmoja mwembamba kabla haujasokotwa na wenzake kuwa uzi. Wingi wake ni fumwele.

Ufumwele wa sufu

Sufu ni protini. Protini hiyo huitwa keratini, nayo ndiyo inayounda pia nywele zetu, kucha, kwato na pembe. Keratini ina salfa, na ndiyo maana sufu inapoungua hutoa harufu ileile ya unywele ulioungua. Pamba ni kitu kingine kabisa: ni selulosi, yaani jamii moja na karatasi na mbao. Polyesta nayo ni plastiki inayotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli.

Ukiutazama ufumwele wa sufu kwa hadubini utaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa, na ncha za magamba yote zimeelekea upande mmoja, yaani kwenye ncha ya unyoya. La pili ni kwamba ufumwele haukunyooka, bali una mawimbi. Mawimbi hayo hutokana na kuwapo kwa aina mbili za chembe ndani yake, ambazo zimepangika ubavu kwa ubavu na ambazo hazilingani tabia. Kwa sababu ya mawimbi, fumwele haziwezi kulala zikiwa zimebanana. Daima huacha nafasi ndogo ndogo zilizojaa hewa. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, na hiyo ndiyo siri ya sufu kuhifadhi joto la mwili.

Jambo la tatu ni wembamba, ambao hupimwa kwa mikrometa. Mikrometa 1,000 ni sawa na milimita 1. Unywele wa mtu huwa na kipenyo cha mikrometa 50 hadi 100 hivi. Sufu ya kondoo wa merino inayotumika kwa makoti mazuri huwa na mikrometa 16 hadi 20, na kashimiri huwa na mikrometa 14 hadi 19. Mwanafunzi wa fizikia ataona hapa kanuni yenye nguvu: ugumu wa ufumwele kupindika hutegemea kipenyo chake kikizidishwa kwa chenyewe mara nne. Ufumwele wa mikrometa 30 ukilinganishwa na wa mikrometa 15, kipenyo ni mara 2 tu, lakini ugumu ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 16. Ufumwele mnene haupindiki ncha yake inapogusa ngozi, bali huchoma. Ndiyo maana blanketi la sufu nene huwasha, ilhali koti la sufu nyembamba halina usumbufu huo.

Magamba niliyoyataja nilijifunza habari zake mapema kuliko nilivyopenda. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, marehemu baba alikuwa na koti moja tu la sufu, na siku mbili baadaye alitakiwa kulivaa kwenye harusi ya mdogo wake huko Bunda. Nikataka kumfurahisha. Nikachemsha maji, nikayamimina ndani ya karai, nikatia sabuni ya mche, nikalifikicha na kulipigapiga koti lile kama nilivyozoea kufua mashuka. Lilipokauka mikono yake haikufika kwenye vifundo vya baba, na kitambaa kilikuwa kigumu kama gunia. Baba hakunipiga. Alilitazama kwa kitambo, akalikunja, kisha akaenda harusini na shati. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya juu kaskazini mwa Uingereza, nilisikia maelezo ya kosa langu katika somo la kwanza kabisa la maabara.

Maelezo yenyewe ni haya. Maji ya moto na alikali ya sabuni huulainisha ufumwele na kuyainua magamba yake. Kitambaa kinapofikichwa, kila ufumwele husogea. Kwa kuwa magamba yameelekea upande mmoja, ufumwele huweza kusonga kwa kutanguliza shina lake, lakini hauwezi kurudi. Magamba ya jirani huuzuia. Kila unapofikicha, fumwele huzidi kusogeleana na kunasana, na kitambaa hurudi, yaani hupungua urefu na upana na kuwa kizito. Kurudi kwa namna hii hakuna dawa. Kwa hiyo nguo ya sufu, kama haina budi kufuliwa kwa maji, ifuliwe kwa maji baridi au ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila kufikichwa wala kukamuliwa kwa kunyongwa, na ianikwe kivulini ikiwa imelazwa. Koti lenye bitana na kanvasi ndani yake afadhali lisitiwe majini kabisa. Lipigwe brashi, litundikwe penye hewa, na madoa yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwa nini mbuzi wetu hatoi kashimiri

Sasa tulirudie swali la kijana wetu. Ngozi ya mbuzi ina vinyweleo vya aina mbili. Vinyweleo vikubwa huotesha nywele nene za nje, zile tunazoziona. Vinyweleo vidogo huotesha manyoya membamba ya chini, yaliyojificha karibu na ngozi. Kashimiri ni hayo manyoya ya chini. Jina lake limetokana na nchi ya Kashmir, ambako mafundi walipata sifa kwa kufuma shali za manyoya ya mbuzi wa nyanda za juu za Ladakh. Siku hizi kashimiri nyingi hutoka China, na nchi inayofuata ni Mongolia. Huko wafugaji huyachana manyoya hayo kwa vitana wakati wa masika ya nchi zao, yanapoanza kung'oka yenyewe.

Mbuzi wa Mara naye anavyo vinyweleo vya aina zote mbili. Tofauti ni kwamba manyoya yake ya chini ni machache na mafupi mno kiasi cha kutofaa kusokotwa. Kwa nini?

Watu wengi hujibu kwamba sababu ni baridi. Jibu hilo si kosa kabisa, lakini limeruka hatua. Ni kweli kwamba katika Mongolia joto la hewa huweza kushuka hadi nyuzi 30 na hata 40 chini ya sifuri, na mbuzi asiye na manyoya ya chini asingeishi akazaa. Kwa vizazi vingi, basi, mbuzi wenye manyoya hayo ndio waliobaki. Hilo ni suala la urithi. Lakini mbuzi hangoji baridi imfikie ndipo aanze kuotesha manyoya, maana angechelewa. Yeye hufuata urefu wa mchana. Mchana unapoanza kufupika, ubongo wake hupokea habari hiyo kupitia macho, na tezi iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini kwa muda mrefu zaidi kila usiku. Homoni hiyo ndiyo ishara ya vinyweleo vidogo kuanza kazi. Miezi kadhaa baadaye mchana unapoanza kurefuka, kazi hiyo husimama na manyoya hung'oka.

Hebu tulinganishe. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, uko karibu nyuzi 48 kaskazini mwa ikweta. Huko mchana mrefu kuliko yote katika mwaka hukaribia saa 16, na ule mfupi kuliko yote ni saa 8 na dakika kidogo. Musoma iko nyuzi 1.5 tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana wake mrefu na mchana wake mfupi ni dakika 10 hivi kwa mwaka mzima. Kwa mbuzi wa Butiama, kalenda ya jua ni kama kitabu ambacho kurasa zake zote zinafanana. Hana baridi ya kumtaka awe na manyoya, wala hana saa ya kumwambia ayaoteshe lini. Laiti angekuwa na vazi la kashimiri chini ya jua la saa nane mchana katika nyanda za Bunda, lingekuwa mzigo wa kumdhuru.

Tufanye pia hesabu ya kiasi. Mbuzi mmoja wa kashimiri, baada ya nywele nene kutengwa, huacha gramu 150 hadi 250 za manyoya safi kwa mwaka, tuchukue 200. Koti moja la mwanamume huhitaji kitambaa cha mita 2 hivi chenye upana wa mita 1.5, yaani mita za mraba 3. Kitambaa kikiwa na uzito wa gramu 300 kwa kila mita ya mraba, koti litahitaji gramu 900. Gawanya kwa 200: ni mbuzi wanne na nusu, na tukikumbuka kinachopotea kiwandani, ni mbuzi watano au zaidi kwa mwaka mzima kwa ajili ya koti moja. Kondoo mmoja wa merino, kwa upande wake, hutoa kilo 4 hadi 5 za sufu chafu, ambayo ikisafishwa mafuta na vumbi hubaki kilo 3 hivi. Hizo zatosha makoti matatu. Hapo ndipo ghali ya kashimiri ilipo. Hata kama mbuzi kumi na wanane wa kijana wetu wangekuwa wa Mongolia, kwa mwaka wangetoa manyoya ya makoti manne tu.

Asidhani mtu kwamba mbuzi na kondoo wetu ni duni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi Delamere aliagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand na kuwafuga Njoro, Kenya. Wengi wao walikufa. Baadaye, katika sehemu za juu na za baridi za Kenya, ufugaji wa kondoo wa sufu ulifanikiwa kwa kiasi fulani, lakini somo lilikuwa wazi: mnyama ni jibu la mazingira yake. Kondoo mwekundu wa Wamaasai, ambaye mwili wake una nywele na si sufu ya kusokotwa, amechunguzwa sana na wataalamu kwa sababu ana uwezo mkubwa wa kustahimili minyoo ya tumbo inayowaua kondoo wa kigeni. Uwezo huo hauonekani katika kitambulisho cha koti, lakini kwa mfugaji una thamani kubwa.

Barani Afrika wako pia mbuzi wa manyoya, nao ni mbuzi wa angora wanaofugwa Afrika Kusini na Lesotho. Manyoya yao huitwa moheri, nayo ni marefu na yenye kung'aa. Asichanganye mtu moheri na kashimiri. Na azingatie kwamba nchi hizo ziko mbali na ikweta, na kwamba Lesotho ni nchi ya milima ambako theluji huanguka.

Kutoka ufumwele hadi kitambaa

Ufumwele mzuri hautoshi kufanya kitambaa kizuri. Kazi ya kwanza ni kusokota. Fumwele fupi, kama zile za kashimiri, huchambuliwa tu na kusokotwa zikiwa zimeelekea huku na huku. Uzi wake ni mwororo, una hewa nyingi na joto jingi, lakini si imara sana. Fumwele ndefu za merino huchanwa kwanza kwa vitana vya mashine ili zilale sambamba na zile fupi ziondolewe. Uzi wake ni laini, mwembamba na imara. Vitambaa vingi vya suti hutokana na uzi wa namna hii ya pili.

Kazi inayofuata ni kufuma. Nyuzi za mtande hutandikwa kwa urefu, na uzi wa mshindio hupita katikati yake kwa upana. Mshindio ukipita moja juu na moja chini, kitambaa huwa wazi na hupitisha hewa. Ukipita mbili juu na mbili chini, na kila safari ukasogea hatua moja, hutokea mistari ya mshazari. Kitambaa cha mshazari huweza kushika nyuzi nyingi zaidi, hivyo huwa kizito zaidi na huanguka vizuri mwilini.

Mwisho ni kazi ya fundi, na hapa sufu huonyesha tabia ambayo polyesta haiwezi kuiiga vizuri. Ndani ya keratini mna vifungo vya haidrojeni ambavyo maji na joto huvivunja kwa muda, na ambavyo hujifunga upya kitambaa kinapopoa na kukauka. Fundi anapoweka kitambaa chenye unyevu juu ya kifua cha koti na kupitisha pasi, iwe ya umeme au ya mkaa, huvivunja vifungo hivyo. Huivuta sufu hapa, huibana pale, kisha huiacha ipoe. Bapa la kitambaa huwa limepata umbo la kifua na bega. Mafundi wetu wa Musoma wanaifanya kazi hii kila siku, ingawa si wote waliowahi kuelezwa kemia yake.

Je, sufu inafaa nchi ya joto?

Wengi huamini kwamba koti la sufu ni adhabu katika nchi yetu. Ukweli hutegemea mfumo na uzito. Katika hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 65, sufu hubeba maji ya kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Pamba hubeba asilimia 8 hivi, na polyesta haifikii hata asilimia 1. Sufu huweza kunywa mvuke hadi kukaribia theluthi ya uzito wake pasipo kuonekana imelowa. Kwa hiyo mvuke wa jasho huingia katika sufu na kutoka upande wa pili, ilhali polyesta iliyofumwa kwa kubanana huuacha ukishikamana na shati.

Koti la kashimiri nzito, lenye bitana kamili, ni vazi la Ulaanbaatar au London. Lakini koti la sufu nyepesi, gramu 220 hadi 250 kwa mita ya mraba, lililofumwa moja juu moja chini kwa uzi uliosokotwa sana, na lenye bitana ya nusu mgongo, huvalika Musoma asubuhi na jioni bila taabu. Mtu akilishika juu ya uso wake dhidi ya dirisha ataona mwanga ukipenya, na akilipulizia atahisi pumzi ikipita.

Wapo waliotatua tatizo hili kwa kubadili mshono. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, katika nchi ambayo koti zito ni lazima. Lakini alipokuwa kiongozi alijulikana zaidi kwa suti nyepesi isiyohitaji tai. Suti za aina hiyo, pamoja na kaundasuti, zilienea sana baada ya Uhuru. Pamoja na maana yake ya kisiasa, mavazi hayo yalikuwa pia jibu la hali ya hewa: shingo imefunguka, na nguo imepunguzwa tabaka.

Namba zilizo katika kitambulisho

Vitambulisho vya mitumba huandikwa kwa lugha nyingi. Sufu kwa Kiingereza ni wool, kwa Kifaransa laine, kwa Kitaliano lana, na kwa Kijerumani Wolle. Aidha, huenda ukakuta neno Super likifuatwa na namba kama 100 au 120. Namba hiyo huonyesha wembamba wa sufu. Kwa Super 80 wastani wa kipenyo usizidi mikrometa 19.75, na kila namba inapopanda kwa 10, kikomo hushuka kwa mikrometa 0.5. Tukiita namba N na kipenyo K:

K = 19.75 − 0.05 × (N − 80)

Kwa Super 120, K = 19.75 − 2.00 = 17.75. Msomaji aelewe kwamba namba kubwa maana yake ni wembamba na ulaini, si uimara. Mwalimu anayevaa koti lake siku tano kwa wiki na kuegemea meza kwa viwiko atadumu zaidi na Super 100 kuliko Super 150. Vivyo hivyo kashimiri tupu huchakaa upesi viwikoni na kutoa vidonge vidogo vya manyoya. Ndiyo maana viwanda huichanganya kidogo na sufu.

Majaribio mawili

Majaribio haya yafanywe mbele ya mwalimu, mahali penye hewa, pakiwa na ndoo ya maji karibu. Sampuli ichukuliwe sehemu isiyoonekana, kwa mfano kwenye ukingo wa mshono wa ndani.

Jaribio la kwanza ni la moto. Chomoa nyuzi chache za mtande na chache za mshindio. Zichunguze mbalimbali, kwa kuwa huenda si za aina moja. Zishike kwa koleo na kuzisogeza kwenye mwali. Sufu huungua polepole, hunuka kama unywele, na huelekea kuzimika ikiondolewa motoni. Majivu yake meusi husagika kwa vidole. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Polyesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha tone gumu lisilosagika. Usiliguse kabla halijapoa, maana huunguza vibaya.

Jaribio la pili hupima kiasi. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki, ina haipokloriti ya sodiamu. Kemikali hiyo huyeyusha keratini, lakini haiyeyushi polyesta. Kausha kipande cha kitambaa na kukipima katika mizani ya maabara. Kitumbukize ndani ya dawa hiyo na kukoroga mara kwa mara, kwa muda wa nusu saa hadi saa kadhaa, mpaka kisipungue tena. Kisafishe kwa maji mengi, kikaushe vilevile na kukipima upya. Tuseme kilikuwa gramu 2.00 na kimebaki gramu 1.10. Kilichoyeyuka ni gramu 0.90, yaani asilimia 45. Kama koti hilo liliuzwa kwa jina la sufu tupu, mnunuzi amedanganywa. Onyo: dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki, ndimu au asidi yoyote, maana hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Jaribio hili lina mpaka wake. Sufu na kashimiri zote ni keratini, hivyo zote huyeyuka. Kuzitenganisha kunahitaji hadubini na jicho lililozoea: magamba ya kashimiri ni membamba zaidi na yameachana zaidi kuliko ya sufu.

Polyesta si adui. Huimarisha kitambaa, hupunguza makunyanzi na ni rahisi kwa bei. Ubaya uko katika kuiuza kwa jina na bei ya kitu kingine.

Hitimisho

Kijana wetu anastahili jibu lisilo na dhihaka. Mbuzi wa kwao hawatoi kashimiri kwa sababu ni mbuzi wa ikweta, nao wamekamilika kwa kazi yao: nyama, ngozi, na kustahimili ukame na maradhi. Ufumwele ambao ardhi ya Mara huotesha ni pamba. Bunda na vijiji vya jirani vimo katika ukanda wa pamba wa kandokando ya Ziwa Victoria, na mbegu zenye alama ya UK zinakumbusha kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza. Musoma ilijengewa kiwanda cha nguo, kilichojulikana kwa jina la MUTEX, kwa sababu ya pamba hiyohiyo. Na pamba iliyosokotwa vizuri na kufumwa kwa mshazari hufanya koti jepesi la heshima.

Anayetaka koti la sufu na alinunue, ila alisome kwanza: alishike dhidi ya mwanga, asome kitambulisho, achome nyuzi mbili. Elimu hiyo ingekuwapo nyumbani kwetu, baba angevaa koti lake huko Bunda.

Maswali ya mazoezi

1. Kikomo cha kipenyo cha sufu ya Super 140 ni mikrometa ngapi?
2. Ufumwele wa mikrometa 32 una ugumu wa kupindika mara ngapi ukilinganishwa na wa mikrometa 16?
3. Mkulima wa Mongolia ana mbuzi 60, kila mmoja akitoa gramu 200 za kashimiri safi. Bila kuhesabu kinachopotea kiwandani, makoti mangapi ya gramu 900 yataweza kupatikana?
4. Eleza kwa nini mbuzi wa Mongolia akiletwa Butiama atakosa ishara ya kuotesha manyoya ya chini.
5. Leta darasani vipande vitatu vya vitambaa kutoka kwa fundi wa jirani. Vichunguze kwa moto, kisha andika jedwali lenye harufu, mwendo wa mwali na hali ya majivu.